Samaki Ambao Mjomba Banza Aliwangoja

Ninyi wanafunzi wangu mnaniita Mama Samaki mkidhani sijui. Ninajua, na jina hilo ni la haki yangu. Kwa miaka kadhaa nililipwa kuangalia ndani ya macho ya samaki wafupi kuliko kidole changu cha mwisho, ng'ambo, katika mji ambao mvua yake ni ya baridi na watu wake hawasalimiani barabarani. Mkataba ukafika mwisho, nikarudi kwetu Kamina, na hapa hakuna ofisi inayotafuta mtu wa kuangalia macho ya samaki. Kwa hiyo nilianza kuwafundisha ninyi, nikajitangaza mwenyewe kuwa mstaafu. Mnaweza kucheka. Wastaafu mnaowajua ni wazee wa reli wanaobishana mbele ya nyumba zao juu ya treni ipi ilichelewa zaidi, na mimi sijafika hata miaka arobaini. Lakini mstaafu ana ruhusa ya kuwachosha vijana kwa habari za kazi yake, na mimi nimeitaka ruhusa hiyo mapema.

Sitaanza mwanzoni. Nitaanza siku niliyorudi, nyumbani kwa Mjomba Banza, kaka mkubwa wa mama yangu, aliyenilea tangu nilipoanza shule. Alisimama kunipokea, akainua birika, akanimiminia chai. Nusu iliingia kikombeni, nusu ikaenda mezani, naye akaendelea kumimina akitabasamu. Mkewe, Tantine Régine, alipangusa meza kimya kimya kama mtu aliyezoea. Niliangalia macho ya mjomba. Katikati, pale panapopaswa kuwa peusi, palikuwa na weupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Mujomba, tangu lini hauone?"

"Naona," akasema. "Naona kama mu moshi. Lakini hapana kuogopa. Minyi nilikuwa nangoya weye."

"Kuningoya juu ya nini?"

"Juu ya samaki yako."

Tantine Régine akaketi. "Mwambie, Mwadi. Minyi nimechoka kumwambia. Badokta ba macho bako nakuya pa hospitali, banatoka Lubumbashi, banakaa siku kidogo, banaenda. Batu bote banajiandikisha. Huyu anakataa. Anasema, mutoto wangu iko na dawa ya samaki."

Kumbukeni chai hiyo iliyomwagika. Mambo yote ya kazi nitakayowaambia yanarudi kwenye meza ile.

Kwanza niwaeleze samaki mwenyewe. Anaitwa samaki pundamilia kwa sababu ana mistari ubavuni. Nilipomtumia mama yangu picha yake, alinijibu kwa sauti kwenye simu: "Bale bazungu banakulipa juu ya kuangalia ndagala?" Ni kweli, ukimkausha huwezi kumtofautisha na ndagala, hao dagaa wa sokoni. Lakini ana jambo moja ambalo sisi hatuna. Nyuma ya jicho, lake na letu, kuna utando unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Ndio unaoitwa retina. Retina ya mtu ikifa, imekufa. Ya samaki huyu ikiharibiwa, baada ya wiki chache inajijenga upya na samaki anaona tena.

Nilipoambiwa hivyo chuoni sikuamini. Mimi siamini upesi, na hamjui ni mara ngapi walimu walinitoa darasani kwa sababu ya swali la "umejuaje". Niliomba nafasi katika maabara ya samaki hao, kule ng'ambo, hasa kwa sababu nilifikiri nitawakuta wakikosea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unawaweka samaki gizani siku kadhaa ili macho yao yawe na njaa ya mwanga. Kisha unawawashia taa kali sana, na zile seli zinazopokea mwanga zinaungua. Baadaye unangoja na kuchunguza. Kati ya seli za retina kuna nyingine ambazo kwa kawaida ni za kusaidia tu: zinashikilia wenzao, zinawalisha, zinafagia. Katika samaki, seli hizo za kusaidia zinapoona wenzao wamekufa, zinajigawa na kuzaa seli changa, na hizo changa zinakua kuwa seli mpya za kuona. Kwetu sisi seli hizohizo zipo. Tunazo, mimi na wewe. Lakini zetu, wenzao wakifa, zinatengeneza kovu na kunyamaza. Kwa nini zinyamaze? Hilo ndilo swali lililonilipia chakula miaka yote ile, na sikulimaliza. Hakuna aliyelimaliza.

Jaribio langu la kwanza nililofanya peke yangu lilikuwa la ajabu. Nikawawashia samaki wangu taa muda wote uliotakiwa, nikawachunguza, nikakuta retina zao ni nzima kabisa. Hakuna hata kidonda. Sikulala kwa furaha. Nilijiona nimegundua samaki asiyeungua, nikaanza kufikiri jina la kumpa.

Profesa wangu, mwanamke mrefu aitwaye Ilse ambaye hakuwahi kupandisha sauti, hakunipinga. Alisema tu, "Twende tukaone ulivyofanya." Tukaenda kwenye chombo cha samaki. Akainama, akatazama ndani.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Mmea wa plastiki."

"Nani aliuweka?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa nimewahurumia. Nimekulia Kamina, na Kamina hata kuku hafungwi juani bila kivuli. Mtu akikuona umefanya hivyo atakuuliza ulilelewa wapi. Niliona taa ile kali, niliona samaki wale wasio na mahali pa kukimbilia, na mkono wangu ukatafuta kitu cha kuwafunika kabla kichwa changu hakijaulizwa. Samaki wote walikuwa wamejibana chini ya lile jani la plastiki tangu taa ilipowaka hadi ilipozimwa.

"Uliwapa mwavuli," akasema Profesa Ilse. Akacheka hadi akashika meza. Tangu siku hiyo, kila mtu mpya alipofika maabara, alionyeshwa taa, vyombo, na mahali ambapo Mwadi aliweka mwavuli.

Mkifika kazini, popote mtakapofika, angalieni sana jambo mnalolifanya bila kufikiri kwa sababu kwenu kila mtu hulifanya. Mara nyingi ni jambo jema. Na linaweza kuharibu jaribio zima.

Kukata macho ya samaki ni kazi nyingine niliyoipenda. Unaligandisha jicho, unalikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, na unakiokota kila kipande kwa kioo. Huruhusiwi kupiga chafya. Huruhusiwi kucheka. Majira ya baridi hewa inakauka na vipande vinaruka vyenyewe, vinashika kwenye mkono wa sweta, na unatumia asubuhi nzima kutafuta jicho kwenye nguo yako. Niligundua kwamba nikiimba wimbo wa kanisani taratibu, pumzi yangu inatulia na mkono hautetemeki. Wenzangu waliniuliza ni mbinu gani ya kupumua. Nikawaambia ni ya Wamethodisti wa Kamina, na mmoja wao alienda kweli kuitafuta.

Miaka ya mwisho kukata kulipungua. Walikuja samaki ambao seli zao zimetengenezwa ziwake rangi chini ya darubini, kijani au nyekundu, na unaweza kumtazama samaki mchanga, hai, amelala kwa dawa, ukaona seli ya kusaidia inavyojigawa mbele yako. Ilikuwa nzuri mno. Nami, kama mnavyonijua, nilianza kuuliza: hii rangi tunajuaje inawaka mahali pake? Profesa Ilse alisema mimi ndiye mtu wa kwanza aliyeonyeshwa fataki akaomba hati zake.

Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo naliweka juu ya mengine yote. Kabla hatujahesabu seli, alikuwa anafunika alama za vioo vyote kwa karatasi. Hujui kama unahesabu samaki aliyeungua au aliye mzima, aliyepewa dawa au asiyepewa. Unahesabu tu kile unachokiona. Mwanzoni nilichukia. Nilimwambia, "Mimi siwezi kudanganya."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakufunikia alama. Anayejua kwamba anadanganya hana hatari kubwa. Hatari ni yule anayependa jibu."

Nikarudia hesabu moja ya seli, ambayo jibu lake nilikuwa nimelipenda sana, safari hii alama zikiwa zimefunikwa. Ugunduzi wangu ukayeyuka kama mafuta juu ya bukari ya moto, ugali wetu. Nilinuna siku mbili. Kisha nikaanza kuwafunikia wengine alama zao, na nikawa mkali kuliko yeye.

Sasa nitawaambia kuhusu mistari, kwa sababu bila mistari mjomba wangu hayupo katika habari hii.

Utajuaje kama samaki anaona? Huwezi kumuuliza. Kwa hiyo unamshika ndani ya kitu laini kama uji mzito ili mwili usiende popote, macho tu yawe huru, na kumzunguka unaweka duara la karatasi yenye mistari myeusi na myeupe. Unalizungusha duara. Kama anaona, macho yake yanafuata mistari taratibu, yanafika mwisho, yanaruka kurudi, yanafuata tena. Kama haoni, yanabaki yakitazama tu.

Na hili si la samaki peke yake. Siku mkipanda treni ya kwenda Luena, msitazame nje. Mtazameni mtu aliyeketi mbele yenu anayetazama nje. Mtaona macho yake yanashika nguzo, yanaisindikiza, yanaruka, yanashika nguzo nyingine. Yeye mwenyewe hajui. Macho yanafuata bila kumwomba ruhusa mwenye macho.

Siku nilipoona kwa mara ya kwanza samaki aliyekuwa kipofu wiki chache kabla akifuata mistari, sikupiga kelele, kwa kuwa alama zilikuwa zimefunikwa na sikujua kama ndiye. Nilikaa nikiwa na karatasi ya majibu yangu mkononi hadi Profesa Ilse alipoondoa vifuniko. Ndiye. Nikatoka nje kwenye ile mvua yao ya baridi, nikampigia Mjomba Banza, na nikamwambia kwa Kiswahili chetu chote nilichokuwa nimekibana kwa wiki: jicho ya samaki ilikufa, sasa inarudia, inaona.

Yeye alikuwa mtu wa kumpigia. Kazi yake yote ilikuwa ni kugeuza njia za reli katika stesheni ya Kamina, pale njia ya kwenda Kananga inapoachana na ya kwenda Kabongo. Alikuwa ananichukua nikiwa mtoto, ananionyesha kile chuma chembamba kinachosogea ili treni ishike njia moja au nyingine. Taa ilikuwa inamwambia kama chuma kimeshika vizuri. Hakuwahi kuiamini. Alikuwa anatembea hadi pale, anainama, anaangalia kwa macho yake kama pamebaki nafasi. "Taa iko nasema tu," alikuwa ananiambia. "Weye enda uone." Swali langu la "umejuaje", ambalo walimu walilichukia, nililipata kwake, kati ya mawe ya reli.

Kwa hiyo fikirini mshangao wangu siku ile ya chai. Mtu aliyekuwa haamini taa ya stesheni alikuwa ameamini simu moja.

Nilikaa karibu naye nikamweleza. Nilimwambia jicho ni kama chumba chenye dirisha, na retina ni ukuta wa ndani unaopigwa na mwanga. Samaki wangu walikuwa kazi ya ukuta. Yeye ana kile kinachoitwa mtoto wa jicho: kioo cha dirisha ndicho kimekuwa cheupe. Madaktari wanaondoa kioo kile, wanaweka kingine. Ni kazi inayojulikana. Haihitaji samaki.

Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja.

"Sasa weye ulienda kule juu ya samaki, ao juu ya bantu?"

Swali hilo niliwahi kuulizwa na watu wenye madigrii, na sikuwahi kuulizwa vizuri hivyo. "Juu ya bantu," nikasema. "Lakini haiyafika. Dawa haiko, Mujomba. Pengine itakuwako. Minyi sijui."

"Pa kanisa nilisha kubaambia."

"Ulibaambia nini?"

"Kama mutoto wangu atanifungula macho. Mwadi, unaona. Nilikupeleka masomo. Ulienda mbali, mbali sana, juu ya jicho. Halafu minyi nitoe jicho yangu, nimupe mutu ingine? Batu batasema nini? Batasema ile masomo yote ilikuwa ya ndagala."

Tantine Régine alisema waseme. Mjomba aligeukia upande niliokuwa nimekaa, akarusha jiwe ambalo mimi mwenyewe nimewarushia walimu maisha yangu yote.

"Tena, umejuaje iko dirisha, haiko ukuta? Uliingia mu jicho yangu?"

Sikuwa nimeingia. Sikuwa na chombo cha kuangalia nyuma ya weupe ule, na hata ningekuwa nacho, weupe ungekizuia. Ingewezekana kabisa ukuta nao umekufa, na madaktari wangebadilisha dirisha la chumba chenye giza. Nilikuwa nimemwambia jambo nisilolijua kwa sababu nililipenda jibu. Profesa Ilse angenitazama tu.

"Sijui," nikasema. "Lakini naweza kupima."

"Utapima namna gani?"

"Kama vile nilikuwa napima samaki."

Alifurahi. Nadhani alifikiri samaki wamefika hatimaye.

Nilichukua kopo kubwa la maziwa ya unga, nikalitoboa juu na chini, nikapitisha spoku ya baiskeli katikati ili lizunguke. Nikachora mistari minene myeusi kwenye karatasi nyeupe na kulivika kopo la kwanza. Nikatengeneza la pili lenye mistari myembamba, maana samaki wetu nao tuliwapima kwa minene na kwa myembamba: jicho dhaifu linaweza kushika minene likashindwa na myembamba. Ushauri wa kazi: nunueni kalamu mbili za wino mzito. Yangu ilikauka kwenye kopo la pili, nami sikuwa na nguvu ya kurudi dukani, nikamalizia mstari wa mwisho kwa kalamu ya mwanafunzi na sikumwambia mtu.

Mjomba aliketi kwenye kiti uani. Mimi niliketi mbele yake na kopo. Tantine Régine nilimweka nyuma ya katoni ya sabuni niliyoisimamisha kati yetu, ili aone macho ya mumewe tu juu ya ukingo na asione kopo wala mkono wangu. Nilitaka asijue naligeuzia wapi.

"Mbona unanificha kama mwizi?" akauliza.

"Ili usinisaidie, Tantine. Sema tu ile unaona."

Nikaanza na mistari myembamba. Nikazungusha.

"Macho yake inakaa tu," akasema kutoka nyuma ya katoni. "Inaangalia kama ya mbuzi."

"Régine," akasema mjomba.

"Banza, niliambiwa niseme ile naona."

Nikabadilisha kopo. Mistari minene. Nilianza kulizungusha kushoto, taratibu.

"Mujomba, unaona kintu?"

"Hapana. Moshi tu. Sione kintu."

Sauti ya Tantine Régine ikatoka polepole. "Macho yake iko naenda kushoto. Inaenda pole pole. Sasa imeruka. Imerudia. Iko naenda tena kushoto."

"Iko na bongo huyu, anadanganya," akasema mjomba. "Macho yangu haitembei. Niko nayikamata."

Nikasimamisha kopo. "Imesimama," akasema Tantine Régine. Nikaligeuza kulia. "Eh. Sasa iko naenda kuume." Nikasimamisha, nikaligeuza tena kulia mahali ambapo mtu wa kubahatisha angesema kushoto. "Kuume tena," akasema. Nilibadilisha hovyo hovyo, na kila mara sauti ile nyuma ya katoni ilikwenda na mkono wangu.

Mjomba alikuwa amekaza taya. Alikuwa anashindana na macho yake mwenyewe, na macho yalikuwa yanamshinda mbele ya watu.

"Régine, unaona kopo?"

"Minyi naona paji yako na mboni zako mbili, Banza. Na niko nasikia njaa."

Mjomba aliweka mikono magotini kama alivyokuwa anafanya stesheni akiinama kuangalia kile chuma. "Inafwata," akasema, si kwa swali. "Inafwata na minyi sitaki."

Nikamwambia ukweli wote, na ninyi nawaambia pia. Kopo la maziwa si daktari. Halikuonyesha kwamba ukuta wake ni mzima kila mahali. Lilionyesha tu kwamba nyuma ya ule weupe kuna mtu yuko macho, anashika mwanga na kuupeleka mbele. Kama ukuta ungekuwa umekufa wote, macho yangebaki yanatazama, kama samaki wangu walioungua. "Weye huna lazima ya samaki, Mujomba. Uko na lazima ya dirisha."

Tantine Régine alitoka nyuma ya katoni akasimama kando yake.

"Sasa njo niseme," akasema mjomba hatimaye. "Bale badokta banapasula jicho, na mutu haiko amelala. Hivyo?"

"Hivyo. Banaweka dawa, hauskie maumivu. Lakini unakuwa macho."

"Kisu mu jicho, na niko namuona mwenye kisu." Akapangusa uso. "Ile ya samaki, minyi nilifikiri ni matone tu ya dawa."

Miezi yote ile alikuwa ameibeba hofu hiyo akaifunika kwa jina langu, kama nilivyowafunika wale samaki kwa jani la plastiki. Sikucheka. Tantine Régine alicheka, lakini mkono wake ulikuwa begani mwa mumewe.

"Utaingia na minyi?" mjomba akaniuliza.

"Hawataniacha niingie. Nitakaa pa mulango."

"Basi kaa karibu."

Siku ya hospitali nilikaa mlangoni. Kabla ya kumwingiza, daktari mmoja kijana alimwashia tochi upande mmoja wa jicho, akamuuliza mwanga unatoka wapi, kisha upande mwingine, juu, chini. Mjomba alijibu vizuri kila mara. Nilitamani kumkumbatia daktari yule. Alikuwa anaupima ukuta, kwa njia rahisi kuliko yangu, na wala hakuwa na kopo.

"Huyu mutoto wangu njo wa kwanza kunipima," mjomba akamwambia. "Ni mutu ya samaki."

"Ya samaki namna gani?"

"Namna mingi," akasema, akaingia.

Kesho yake walimfungua bandeji. Walikuwa wameanza na jicho la kulia. Tantine Régine alisimama mbele kabisa, akasema kabla hajaulizwa, "Kama utasema nimezeeka, nafunga tena ile jicho."

Mjomba alimtazama muda mrefu. Akatazama ukuta, dirisha, mikono yake. Hakusema kitu. Hakulia, hakumshukuru mtu, hakupiga kelele kama jirani yake wa kitanda aliyekuwa anaimba. Nikaanza kuogopa. Nikafikiri: ukuta umekufa.

Nyumbani watu wa kanisa walikuwa wamekwisha fika uani. Walitaka kusikia. Mmoja aliuliza kama ni kweli ni samaki. Mjomba aliwaambia waketi, wangoje, hatasema neno lolote hadi apime. Aliagiza viti viwekwe kama siku ile. Aliagiza katoni. Akamwambia Tantine Régine aende nyuma ya katoni, na mimi akaniambia nilete kopo.

"Lile la minene?"

"Hapana. Lete lile nilishindwa."

Nikaketi mbele yake na kopo la mistari myembamba. Nikaanza kulizungusha.

"Kushoto," akasema Tantine Régine kutoka nyuma ya katoni. "Pole pole. Imeruka. Kushoto tena."

Nikageuza. "Kuume," akasema.

Lakini mjomba aliinua mkono. "Simamisha." Nikasimamisha. Aliinama mbele, uso wake karibu uguse kopo, akalizungusha kwa kidole chake mwenyewe, mstari baada ya mstari, kama mtu anayetafuta nafasi iliyobaki kwenye reli. Kidole kikasimama.

"Mwadi."

"Eyo, Mujomba."

"Ii mustari moja ni ya bleu, haiko nyeusi."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Hakuna aliyejua, zaidi yangu.

"Wino ilikwisha," nikasema.

Akanyanyuka, akanyoosha shati, akawageukia watu wa kanisa waliokuwa wanangoja.

"Basi," akasema. "Sasa naweza kusema naona."